Kazi na Mzunguko: Maneno Mawili Tusiyachanganye

Hapa Dzaleka kuna maneno mawili yanayotamkwa kuanzia asubuhi mpaka taa zizimwe. La kwanza ni kazi. La pili ni kuzunguka. "Fulani amepata kazi" ni habari njema, mtaa mzima unaisikia. "Fulani anazunguka tu" ni lawama, yaani mtu anatoka, anapita sokoni, anarudi, na mkononi hana kitu. Kwa lugha yetu ya kila siku, kazi ni sifa na mzunguko ni upungufu.

Wanafizikia nao wana maneno hayohayo mawili. Kwa wenzetu wanaojua Kifaransa ni travail na circulation. Vijana wanaosoma sekondari, na wale wanaosoma chuo kwa mtandao, wanajua taabu yake: fomula zinafanana kama mapacha. Zote mbili unachukua mshale, unaangalia unaelekea wapi ukilinganisha na njia, unazidisha kwa umbali, kisha unajumlisha kipande kwa kipande mpaka mwisho wa njia. Mwanafunzi anauliza: kama hesabu ni ileile, kwa nini majina mawili?

Swali ni zuri, na jibu lake lina historia ya watu, mashine na dhoruba. Tuifuate historia hiyo taratibu, maana mwishoni inatugusa sisi wenyewe, na inawagusa pia ndugu zetu wa mashirika wanaotujazia fomu.

Neno kazi lilitoka kwa wabeba mizigo

Mwishoni mwa miaka ya 1700, Ufaransa na Uingereza zilikuwa zinajenga mashine kila upande: pampu za migodini, vinu, mashine za mvuke. Mwenye mgodi alitaka kujua jambo moja tu: mashine hii inaweza kuchukua nafasi ya watu wangapi na farasi wangapi? Kujibu, ilibidi kwanza kupima mtu. Charles-Augustin Coulomb, yuleyule ambaye jina lake limepewa kizio cha chaji ya umeme, aliandika juu ya jambo hilo: mtu anayepanda ngazi na mzigo, mtu anayesukuma, mtu anayechimba, kila mmoja anaweza kutoa kiasi gani kwa siku moja.

Kila mhandisi alikuwa na jina lake kwa kipimo hicho, na kuelewana kukawa kugumu. Ndipo mwaka 1829, Gaspard-Gustave Coriolis, mwalimu wa École Polytechnique huko Paris, akachapisha kitabu juu ya hesabu ya mashine na kukiita kipimo hicho travail, kazi. Mwenzake Jean-Victor Poncelet alitumia neno hilohilo miaka hiyohiyo, na likashika. Maana yake ni kani kuzidisha umbali, lakini ni umbali ule tu unaoelekea upande wa kani. (Waliosoma shule za Tanzania wanasema kani. Wengine kati yetu tunasema nguvu. Hapa nitatumia kani, kwa sababu nguvu ina maana nyingi mno.)

Baadaye James Prescott Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha pombe karibu na Manchester, aliyafanya mambo yawe wazi zaidi. Katika miaka ya 1840 alifunga mzigo kwenye kamba, mzigo ukashuka, kamba ikazungusha makasia ndani ya chombo cha maji. Maji yakazunguka, yakatulia, na yakawa yamepata joto kidogo. Joule alipima joto lile kwa uvumilivu mkubwa akaona kwamba kila mara kiasi fulani cha kazi kinaleta kiasi kilekile cha joto. Leo kizio cha kazi ni jouli. Kuinua kilo moja ya unga kwa urefu wa mita moja ni kama jouli 10.

Angalia jaribio lile vizuri, maana maneno yetu yote mawili yamo ndani ya chombo kimoja. Mzigo ulioshuka ulifanya kazi. Maji yalikuwa na mzunguko. Maji yalipotulia, mzunguko uliisha, haukubaki popote. Kazi haikupotea, ilikuwa imegeuka joto. Kama vitu hivi viwili vingekuwa kitu kimoja, visingeweza kuachana namna hiyo.

Ndoo ya maji kichwani

Kabla hatujaenda kwenye mzunguko, tuseme jambo ambalo walimu wengi wanalipita haraka. Neno kazi lilichukuliwa kwa vibarua, lakini lilipoingia kwenye fizikia likakataa kumhesabu kibarua.

Chukua mama anayetoka bombani na ndoo ya lita 20. Kuinua ndoo kutoka chini mpaka kichwani, tuseme mita 1.6, ni kazi ya kama jouli 314. Halafu anatembea nusu kilomita kwenye tambarare. Uzito wa ndoo unavuta chini, shingo inasukuma juu, lakini ndoo inakwenda mbele. Kani na mwendo havielekei upande mmoja, vimepishana kama nguzo na sakafu. Kwa hesabu ya Coriolis, kazi iliyofanyika dhidi ya uzito kwenye safari hiyo ya nusu kilomita ni sufuri. Akifika nyumbani akaitua ndoo chini taratibu, zile jouli 314 zinatolewa. Jumla ya yote: sufuri.

Mwambie mama huyo kwamba hajafanya kazi, uone atakavyokujibu. Na ana haki. Misuli yake imekaza njia nzima, moyo umesukuma damu, chakula kimeungua mwilini. Fizikia haikatai hayo. Inasema tu kwamba neno lake linapima kilichohamia kwenye ndoo, si kilichotumika ndani ya mwili wa aliyebeba. Ni neno lenye mpaka mwembamba, na mtu akilitumia nje ya mpaka huo anaweza kumdharau mwenzake bila kujua.

Mzunguko: kutoka damu mpaka moshi

Neno la pili lina ukoo mwingine. Lilianza kwa waganga. Katika karne ya 13, tabibu Ibn al-Nafis, aliyefanya kazi Cairo, aliandika kwamba damu inatoka upande mmoja wa moyo, inapitia mapafuni, ndipo inafika upande wa pili. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey akachapisha kitabu kilichoonyesha kwamba damu ya mwili mzima inazunguka na kurudi ilikoanza. Hesabu yake ilikuwa rahisi: damu inayosukumwa na moyo kwa saa moja tu ni nyingi kupita kiasi, mwili hauwezi kuwa unaitengeneza upya kila mara. Lazima ni ileile inayorudi.

Kutoka hapo, neno lilipokuja kuingia kwenye fizikia ya maji na hewa, lilikuja na sharti lake: njia iwe imefungwa, uishie pale ulipoanzia. Mwaka 1858 Mjerumani Hermann von Helmholtz aliandika hesabu za visulisuli ndani ya maji. Miaka michache baadaye, huko Scotland, Peter Guthrie Tait alimwonyesha rafiki yake William Thomson pete za moshi zinazotoka kwenye sanduku, zinapita chumbani bila kuvunjika, zinagongana na kuruka. Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alivutiwa sana. Mwaka 1869 akachapisha andiko refu juu ya mwendo wa visulisuli, na humo ndipo circulation ilipopata maana yake ya kihesabu.

Maana yenyewe ni hii. Chora kitanzi ndani ya maji, kwa mawazo tu. Zunguka kitanzi hicho, na kila hatua uulize: maji hapa yanakwenda kwa kasi gani kufuata njia yangu? Yakinisukuma mbele, jumlisha. Yakinirudisha nyuma, toa. Yakipita kando, acha. Ukifika ulipoanzia, jumla uliyonayo ndiyo mzunguko. Kwa njia isiyofungwa, yenye mwanzo na mwisho tofauti, Kelvin alitumia jina jingine, mtiririko.

Tujaribu kwa ndoo. Koroga maji. Sentimita 10 kutoka katikati, maji yanakwenda kama nusu mita kwa sekunde. Urefu wa duara hilo ni kama mita 0.63. Zidisha: mzunguko ni kama 0.31, na kizio chake ni mita za mraba kwa sekunde. Si jouli. Hakuna kilo ndani yake, hakuna kani.

Zinaachana wapi

Sasa tunaweza kumjibu mwanafunzi wetu.

Kwanza, kazi inauliza habari za kani, siku zote. Mzunguko unaweza kuuliza habari za mshale wowote: kasi ya maji, kasi ya upepo, kani ya umeme. Ukijumlisha kasi huwezi kupata kazi, hata ujumlishe mpaka kesho.

Pili, kazi inakubali njia yoyote, iliyofungwa au iliyo wazi. Kutoka hapa mpaka barabara ya lami ni njia ya kutosha. Mzunguko unataka kitanzi.

Tatu, na hii ndiyo inayosahaulika sana, kazi ni habari ya safari na mzunguko ni habari ya picha. Kazi inafanyika kitu kinaposafiri kweli, saa zikipita. Mzunguko unapimwa kwa dakika moja iliyosimamishwa, kama picha ya simu: mishale yote ya upepo kwenye kitanzi kwa wakati uleule.

Mfano wake upo pwani kwetu, una umri wa mamia ya miaka. Jahazi linatoka Muscat kwa upepo wa kaskazi, linafika Zanzibar, nahodha anafanya biashara na kusubiri, kisha kusi inapoanza anarudi. Tuseme anafuata mstari uleule kwenda na kurudi. Upepo umemsukuma kwenda, na umemsukuma kurudi. Kazi iliyofanywa na upepo juu ya tanga ni kubwa, safari zote mbili zinajumlishwa. Sasa piga picha ya upepo siku moja ya Januari, ujumlishe kwenye njia hiyohiyo, kwenda na kurudi. Nusu ya kwanza ni ya kujumlisha, nusu ya pili ni ya kutoa, kiasi kilekile. Mzunguko ni sufuri. Njia moja, upepo mmoja, na majibu mawili tofauti kabisa, kwa sababu nahodha alisubiri msimu ubadilike. Biashara nzima ya Bahari ya Hindi ilikaa ndani ya tofauti hiyo.

Uzito wa dunia hauna msimu. Mtu wa kilo 70 akipanda kilima cha mita 100, anafanya kazi ya kama jouli 68,600 dhidi ya uzito wake. Si nyingi ukilinganisha na chakula: kwa kuwa misuli inageuza kama robo tu ya chakula kuwa kazi, ni kama gramu 18 za unga wa mahindi. Akishuka na kurudi alipoanza, uzito umemrudishia zote. Kani za namna hii, ambazo kitanzi chake siku zote ni sufuri, ndizo zinazotuwezesha kusema kitu kina nishati kwa sababu kiko juu. Maji ya ziwa yaliyo juu yana nishati hiyo, na tutayarudia.

Coriolis yuleyule, na Freddy

Yule Coriolis aliyeipa kazi jina hakuishia hapo. Mwaka 1835 alitoa andiko juu ya mwendo ndani ya mashine zinazozunguka. Alionyesha kwamba ukiwa juu ya kitu kinachozunguka, kitu kinachotembea kinaonekana kupindishwa pembeni. Tunaishi juu ya dunia inayozunguka, kwa hiyo hewa yetu inapindishwa pia: kaskazini mwa ikweta kwenda kulia, na huku kwetu kusini kwenda kushoto.

Kani hiyo inaitwa kwa jina lake mpaka leo, na ina tabia ya ajabu: inasukuma pembeni daima, haisukumi mbele hata kidogo. Kwa hesabu ya Coriolis mwenyewe, haifanyi kazi. Kazi yake ni sufuri kila wakati. Lakini bila hiyo hakuna kimbunga.

Mwaka 1898, Vilhelm Bjerknes wa Norway, aliyekuwa akifundisha Stockholm, aliichukua kanuni ya Kelvin na kuipeleka kwenye hewa na bahari. Kelvin alikuwa amesema kwamba ndani ya maji kamilifu yasiyo na msuguano mzunguko haubadiliki, haupungui wala hauongezeki. Bjerknes akasema: sawa, lakini hewa halisi inapata joto upande mmoja kuliko mwingine, na hapo mzunguko unazaliwa. Ukienda Salima kando ya ziwa utauona bila kitabu. Mchana nchi kavu inapata moto haraka, hewa yake inapanda, na upepo unatoka ziwani. Usiku nchi inapoa haraka, upepo unageuka. Kitanzi kimoja cha hewa, kinazunguka huku mchana na kule usiku. Utabiri wa hali ya hewa tunaousikia redioni umejengwa juu ya msingi huo.

Februari 2023 kimbunga Freddy kilizaliwa karibu na Australia. Kikavuka Bahari ya Hindi yote, kikapiga Madagascar, kikapiga Msumbiji, kikarudi baharini kuchukua nguvu mpya, kikapiga Msumbiji mara ya pili, na katikati ya Machi mvua yake ikamwagika kusini mwa Malawi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilithibitisha kwamba hakuna kimbunga cha kitropiki kilichowahi kurekodiwa kuishi muda mrefu kuliko hicho. Blantyre, mtaa wa Chilobwe na mingineyo, milima ilishuka juu ya nyumba. Nchini humu zaidi ya watu 1,000 walikufa au hawakuonekana tena.

Tukipima kimbunga kwa maneno yetu mawili, tunaona kila moja linatuambia kitu chake. Chukua duara la nusu kipenyo cha kilomita 50, na upepo wa mita 30 kwa sekunde. Mzunguko wake ni zaidi ya milioni 9.4 kwa vizio vilevile tulivyotumia kwenye ndoo, ambapo tulipata 0.31. Namba hiyo inatuambia jinsi hewa ilivyojikusanya na kuzunguka, huku kusini ikifuata mishale ya saa. Haituambii nani anailipia. Anayelipa ni bahari yenye joto: mvuke unapanda, unageuka mvua, unatoa joto, hewa inasukumwa kuingia katikati, na msukumo huo ndio unaofanya kazi. Coriolis anageuza tu usukani. Ndiyo maana kimbunga kikifika nchi kavu kinaanza kufa ingawa dunia bado inazunguka vilevile: kimekosa wa kukifanyia kazi.

Mahali maneno yanapokutana

Je, kuna mahali kazi na mzunguko vinakuwa kitu kimoja? Pako, na ndipo umeme unapotoka.

Mwaka 1831 Michael Faraday, aliyeanza maisha yake kama fundi wa kujalidi vitabu London, aligundua kwamba sumaku inapobadilika karibu na kitanzi cha waya, umeme unatembea ndani ya waya. Kwa maneno ya leo: kani ya umeme inapata mzunguko. Ukiufuata waya mpaka ulipoanza, jumla si sufuri. Na kwa sababu mshale tunaoujumlisha safari hii ni kani juu ya kila chaji, jumla hiyo ni kazi inayofanywa juu ya kila chaji inayomaliza kitanzi. Volti moja ni jouli moja kwa kila kulomu ya chaji. Hapo mapacha wameungana kweli.

Mto Shire unateremka kutoka Ziwa Malawi na kuzungusha mitambo ya Nkula, Tedzani na Kapichira. Maji yanayoshuka yanafanya kazi, sumaku zinazunguka, kitanzi kinapata volti. Januari 2022 dhoruba Ana ilipovunja bwawa la Kapichira, nchi ilipoteza kama megawati 130, yaani jouli milioni 130 kila sekunde. Taa zilizozimika Lilongwe zilitufundisha fizikia hiyo vizuri kuliko ubao wowote.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, Wimbe, wilaya ya Kasungu, barabara hiihii ya M1 ukielekea kaskazini. Baada ya njaa ya 2001 na 2002, William Kamkwamba, kijana aliyetolewa shuleni kwa kukosa ada, aliokota maarifa kwenye vitabu vya maktaba ya shule ya msingi, akajenga kinu cha upepo kwa miti, vipande vya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa moto. Dinamo ya baiskeli ikawasha taa nyumbani kwao.

Bawa la kinu hicho lina mzunguko kulizunguka. Hiyo haina maana kwamba upepo unatembea duara kamili. Maana yake ni kwamba upande mmoja wa bawa hewa inapita kwa kasi kuliko upande wa pili, kwa hiyo ukijumlisha kwenye kitanzi kinacholizunguka, jumla si sufuri. Martin Kutta wa Ujerumani mwaka 1902 na Nikolai Joukowski wa Urusi mwaka 1906 walitoa kanuni yake: kani juu ya kila mita ya bawa ni uzito wa hewa kwa mita ya ujazo, kuzidisha kasi ya upepo, kuzidisha mzunguko. Hewa ya kilo 1, upepo wa mita 10 kwa sekunde, mzunguko wa 0.5, unapata kani ya nyutoni 5 kwa kila mita.

Sasa funga bawa kwa kamba lisitembee. Upepo bado unapita, mzunguko bado upo, kani bado inasukuma. Kazi juu ya bawa ni ngapi? Sufuri, kwa sababu umbali ni sufuri. Fungua kamba, bawa linaanza kwenda, na taa inawaka. Hakuna kilichoongezwa kwenye upepo. Kilichoongezwa ni ruhusa ya kusogea.

Vifungu viwili

Maneno haya mawili yamekaa pia ndani ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Kifungu cha 17 kinahusu kazi ya mshahara. Kifungu cha 26 kinahusu haki ya kuchagua mahali pa kukaa na kutembea kwa uhuru, na kwenye maandishi ya Kifaransa kinaitwa liberté de circulation. Malawi ilijiunga na Mkataba mwaka 1987, ikaweka masharti juu ya vifungu kadhaa, vikiwemo hivi viwili. Sheria ya Wakimbizi ikafuata mwaka 1989. Mwaka 1994 Dzaleka, ambayo zamani ilikuwa gereza, ikafunguliwa kuwa kambi, ikipangwa kwa watu elfu kumi na kitu. Leo tumepita 50,000. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na kuanzia Mei watu wakachukuliwa Lilongwe, wenye maduka na wenye watoto shuleni, wakaletwa hapa.

Sheria haiongei lugha ya Coriolis, na simtaki msomaji aamini kwamba fomula inaweza kuhukumu serikali. Malawi ni nchi maskini iliyotupokea kwa miaka thelathini na zaidi, wenyeji wa Dowa wanagawana nasi maji na kuni. Hilo tuliseme waziwazi. Lakini historia ya maneno haya inatusaidia kuuliza maswali kwa usahihi, hasa karatasi zinapoandikwa juu yetu.

Kwenye fomu na ripoti nyingi kuna mstari mmoja tu: mtu huyu anajitegemea au hajitegemei, ana kazi au hana. Jibu likiwa "hana," linasomwa kama habari ya mtu: hana ujuzi, hana bidii, anazunguka tu. Lakini tumeona kwamba kazi ina vipande viwili, kani na umbali, na kimoja kikiwa sufuri jumla ni sufuri. Fundi cherehani aliyekuwa na wateja Lilongwe na sasa yuko hapa bila wateja hajapungukiwa kani. Mikono ni ileile. Mwalimu, muuguzi, mhandisi aliyekuja na vyeti vyake, vilevile. Ripoti isiyosema ni kipande kipi kimekuwa sufuri haijasema chochote. Itapendekeza mafunzo mengine ya miezi mitatu kwa mtu ambaye hakupungukiwa mafunzo, yaani itaongeza upepo kwenye bawa lililofungwa.

Na yule "anayezunguka tu" naye tumtazame upya. Anayetoka na nyanya asubuhi kupeleka mtaa wa pili, akarudi na chumvi na sabuni, kwenye ramani hajasogea hata hatua, yuko palepale alipoamka. Ukimpima kwa alipofika, ni sufuri. Lakini nahodha wa Muscat naye alirudi palepale alipoanzia, na hakuna aliyemwambia kwamba hakufanya kitu.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa mashirika, mkikaa tena na fomu mezani, tunaomba maswali yawe mawili badala ya moja. La kwanza: mtu huyu anaweza kufanya nini? La pili: anaruhusiwa kufika wapi? Yaandikwe kwenye mistari miwili, na kila moja lipate jibu lake. Na nyie wanafunzi wetu, mtihani ukiwaletea kitanzi na mishale, kabla ya kujumlisha chochote angalieni kwanza mshale ni wa nini, njia imefungwa au iko wazi, na mnapima safari au picha. Mkijibu hayo matatu, mapacha hawatawachanganya tena.